Binokula au teleskopu: kuchagua chombo cha kutazamia anga la Septemba hadi Desemba

Mtu anayetafuta darubini yake ya kwanza karibu kila mara huuliza: inakuza mara ngapi? Kwa anga la Septemba hadi Desemba, na kwa mtazamaji aliye popote kati ya Marsabit na Mtwara, swali hilo humpotosha tangu mlangoni mwa duka. Vitu vizuri vya miezi hii vingi ni vipana na hafifu: kitovu cha Njia ya Maziwa, galaksi ya Andromeda, Mawingu ya Magellan (galaksi mbili ndogo jirani), fungu la nyota la Kilimia. Vinataka mwanga mwingi na uwanja mpana wa kuona. Vinavyotaka kukuzwa ni vichache, Mwezi na Zohali vikiongoza.

Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na anga lenyewe, kisha vyombo vinne: macho matupu, binokula, teleskopu ya Dobson ya mezani, na Dobson kubwa ya kusimama chini. Teleskopu za bei nafuu zilizojaa madukani zina sehemu yake, kwa sababu huko ndiko pesa nyingi hupotelea.

Kinachoonekana, na lini

Septemba ni mwezi wa Njia ya Maziwa. Giza likishaingia, kama saa moja na nusu usiku, kitovu chake kiko juu karibu na utosi, kati ya mkia wa Nge na kundi la Mshale. Kufikia katikati ya Oktoba saa hiyohiyo kimeshainama magharibi, na Desemba kinazama pamoja na jua. Anayetaka kukiona asingoje.

Oktoba ni ya Zohali. Mwaka 2026 inakuwa mkabala na Jua tarehe 4 Oktoba, na mwaka 2027 tarehe 18 Oktoba. Karibu na tarehe hizo huchomoza jua linapozama na kukaa angani usiku kucha. Pete zake zilionekana kwa ubavu Machi 2025, zikawa kama hazipo. Tangu hapo zinafunguka polepole hadi zifikie upana wake mkubwa mnamo 2032. Anayenunua teleskopu mwaka 2026 ajue kwamba atakachoona ni pete nyembamba inayoichoma sayari pande mbili, na kila mwaka itampendeza zaidi.

Novemba ndiyo yenye kitu ambacho sehemu chache duniani zinakipata. Katikati ya mwezi, kati ya saa tatu na saa tatu na nusu usiku, galaksi ya Andromeda iko mahali pake pa juu kabisa upande wa kaskazini, na saa hiyohiyo Wingu Dogo la Magellan liko mahali pake pa juu upande wa kusini. Ukiwa Dar es Salaam, Andromeda huwa nyuzi 42 juu ya upeo na Wingu Dogo nyuzi 24. Ukigeuka kisigino tu, umetoka galaksi iliyo umbali wa miaka nuru milioni 2.5 hadi nyingine iliyo umbali wa miaka nuru laki mbili hivi. Aliye London hataliona Wingu Dogo hata siku moja, na aliye Cape Town huiona Andromeda ikiwa imelalia upeo.

Kilimia huchomoza kama saa mbili na nusu usiku katikati ya Oktoba, na katikati ya Novemba huchomoza jua likizama. Jabari (kundi la nyota la Orion) hufuata saa mbili baadaye hivi, na nyota angavu ya Suheli (Canopus) hupanda kusini-mashariki karibu wakati huohuo. Desemba usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 ni kilele cha vimondo vya Mapacha, ambavyo ndivyo vingi na vya kutegemewa kuliko vingine katika miezi hii.

Mwanga wa mwezi hufuta karibu vyote hivyo isipokuwa Zohali. Mwaka 2026 giza la mwezi linaangukia Septemba 11, Oktoba 10, Novemba 9 na Desemba 9. Chukua siku tano kabla na siku nne baada ya kila tarehe. Usiku wa Mapacha mwaka huo mwezi utakuwa mchanga na utazama kabla ya saa tano, jambo zuri sana.

Macho matupu

Kwa vimondo na kwa Njia ya Maziwa yote kwa pamoja, hakuna chombo kinachoyashinda macho, kwa kuwa macho huona karibu nusu nzima ya anga kwa mara moja. Gharama yake ni subira. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 gizani kuzoea, na skrini ya simu ikiwaka kwa sekunde chache tu, kazi inaanza upya. Funika tochi kwa karatasi nyekundu ya plastiki, tabaka mbili au tatu, mpaka mwanga uwe hafifu kiasi cha kusoma tu.

Kosa la kawaida ni kukitazama kitu hafifu usoni moja kwa moja. Sehemu ya katikati ya jicho huona rangi na maumbo madogo vizuri, lakini gizani ni dhaifu. Sehemu za pembeni ndizo zinazohisi mwanga mdogo. Elekeza jicho kando kidogo ya pale galaksi ilipo, na doa litajitokeza. Mbinu hiyo hutumika pia kwenye lenzi ya darubini, na ni ajabu ni wangapi wanaouza teleskopu zao bila kuwahi kuijaribu.

Kwa vimondo vya Mapacha, lala chali kwenye mkeka kuanzia saa tano usiku, miguu ikielekea kaskazini-mashariki, na upe usiku walau saa nzima. Vimondo huja kwa mafungu. Dakika kumi tupu hazimaanishi kitu. Penye giza la kweli utahesabu makumi kadhaa kwa saa.

Binokula

Namba mbili zilizochapwa kwenye binokula ndizo habari yote. Katika 10x50, 10 ni ukuzaji na 50 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Lenzi ya milimita 50 hukusanya mwanga takriban mara 50 ya mboni iliyofunguka hadi milimita 7. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwale unaoingia jichoni: 10x50 hutoa milimita 5, 7x50 hutoa milimita 7. Mboni ya kijana gizani hufika 7, ya mtu wa zaidi ya miaka 50 mara nyingi haivuki 5. Kwa hiyo mtu mzima anayenunua 7x50 analipia mwanga ambao hautaingia jichoni mwake, na 10x50 inamfaa zaidi. Kijana anayetaka kushika kwa mikono bila stendi anaweza kuchukua 7x50 au 8x42, zinatulia vizuri zaidi.

Uwanja wa 10x50 ni kama nyuzi 6.5, yaani miezi mpevu 13 ikipangwa mstari. Kilimia, chenye upana wa nyuzi 2 hivi, kinakaa ndani chote na anga jeusi likikizunguka, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: nyota sita au saba za macho matupu zinageuka makumi, za buluu, zikiwa zimetawanyika kwenye giza. Teleskopu nyingi haziwezi kukuonyesha hivyo, hata za bei mara tano.

Andromeda kwa binokula inapatikana hivi. Simama ukitazama kaskazini, Novemba saa tatu na nusu usiku. Tafuta mraba mkubwa wa nyota nne wa kundi la Farasi, juu, ukielekea kidogo kushoto. Kamata nyota ya pembe yake ya chini kulia. Kutoka hapo teremka kulia ukihesabu nyota mbili. Ya pili, Mirach, ina rangi ya dhahabu iliyokolea. Ukiiweka Mirach upande wa juu wa uwanja wa binokula, chini yake utaona nyota hafifu zaidi, na ukiteremka tena kiasi hichohicho, nyingine. Kushoto kidogo ya hiyo ya mwisho kuna doa la mviringo mrefu kama mvuke. Hilo ndilo. Halina rangi wala mikono ya kuzunguka kama kwenye picha, kwa sababu picha hizo hukusanya mwanga kwa saa nyingi. Ulichokiona ni kiini na sehemu ya diski yake. Ukitazama kwa pembeni, urefu wake unaongezeka.

Kwa Wingu Dogo geuka kusini. Nyota angavu iliyo peke yake, nyuzi 40 hivi juu, ni Achernar. Shuka kulia ngumi moja na nusu za mkono ulionyooshwa (ngumi moja ni nyuzi 10). Wingu litaonekana kama kipande cha Njia ya Maziwa kilichokatika, na kulia kwake, ndani ya uwanja uleule wa binokula, kuna nyota yenye ukungu: hiyo ni fungunyota ya 47 Tucanae, malaki ya nyota katika doa moja. Aliye Nairobi atalipata Wingu nyuzi 18 tu juu ya upeo, na mwanga wa mji ukiwa upande huo halitaonekana.

Tatizo la binokula ni mkono. Moyo unapiga, nyota zinaruka, na nusu ya kinachoweza kuonekana kinapotea. Binokula nyingi za 10x50 zina tundu la skrubu mbele, kwenye bawaba ya katikati, limefichwa na kifuniko kidogo. Kifungue, ufunge kipande cha chuma chenye umbo la L, ukikaze kwenye stendi ya kamera. Tofauti ni kubwa kuliko ya kununua binokula ghali zaidi. Bila stendi, shika karibu na lenzi za mbele badala ya katikati, egemea ukuta, au lala kwenye kiti cha ufukweni viwiko vikiwa juu ya mikono ya kiti. Kwa Njia ya Maziwa ya Septemba, iliyo utosini, kulala ndiyo njia pekee isiyovunja shingo. Stendi ya kawaida hapo haisaidii.

Kuweka umakini: fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka nyota iwe nukta kwa jicho la kushoto. Fumba la kushoto, zungusha pete ya lenzi ya kulia mpaka nyota iwe nukta. Baada ya hapo pete hiyo usiiguse tena, tumia gurudumu peke yake. Mwenye miwani akunje mipira ya lenzi na ahakikishe chombo kinaruhusu jicho kukaa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye lenzi. Vinginevyo ataona tundu dogo katikati.

Je, 15x70? Inaonyesha zaidi, lakini ina kilo 1.4 hivi na haishikiki kwa mkono kwa zaidi ya dakika moja. Bila stendi imara ni pesa iliyolala.

Teleskopu mbili zinazofaa

Zote mbili ni za kioo na zimekaa kwenye kitako cha mbao kinachozunguka kama meza ya kugeuka, muundo uliosambazwa na John Dobson huko Marekani. Hakuna stendi inayotikisika, na pesa yako inakwenda kwenye kioo.

Ya mezani ina kioo cha milimita 130 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi mahali mwanga unapokusanyika) wa milimita 650. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa fokasi ya kioo kwa fokasi ya lenzi ya jicho: 650 kwa 25 ni mara 26, kwa lenzi ya 10 ni mara 65. Ukiongeza kipande cha Barlow cha mara 2 kwenye lenzi ya 10, unapata mara 130. Kwa mara 26 uwanja wake ni nyuzi 2, Kilimia kinaenea kikigusa kingo.

Kubwa ina kioo cha 150 na fokasi ya 1200. Kwa lenzi ya 25 inaanza mara 48 na uwanja wa nyuzi 1 tu. Andromeda hapo hukatwa kichwa na miguu, na Kilimia hukionja vipande. Lakini kwa Zohali, Mwezi na mafungunyota ya mviringo inaiacha ndogo nyuma: 47 Tucanae inayoonekana kama ukungu kwenye binokula, hapa inaanza kupasuka kuwa nyota mojamoja ukingoni.

| Chombo | Uzito | Uwanja | Kilimia | Andromeda | Zohali |
|---|---|---|---|---|---|
| Macho matupu | – | karibu nusu ya anga | nyota 6–7 | doa, penye giza | nyota ya manjano |
| Binokula 10x50 | kilo 1 hivi | nyuzi 6.5 | kizuri kabisa | kizuri kabisa | nukta, bila pete |
| Dobson 130/650 | kilo 6 hivi | nyuzi 2 | kinaingia kwa shida | kiini na sehemu ya diski | pete, mwezi Titan |
| Dobson 150/1200 | kilo 16–17 | nyuzi 1 | vipande | kiini tu | pete, kivuli, mikanda hafifu |

Uzito usiudharau. Kilo 16 ni vipande viwili, na kwa anayeishi ghorofa ya tatu bila lifti maana yake ni safari mbili kushuka na mbili kupanda usiku wa manane. Chombo kizito hukaa ndani. Ya mezani inaingia kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo, ila inataka meza isiyoyumba: pipa la lita 200 lililojazwa mchanga, au kiti kifupi cha mbao, hufaa kuliko meza ya plastiki.

Kuna matatizo matatu yatakayokukuta kwenye teleskopu ya kioo, na ni vyema uyajue kabla ya kulipa.

Kwanza, kioo lazima kifikie joto la nje. Kitoe dakika 30 hadi 45 kabla ya kutazama, la sivyo hewa ya moto juu ya kioo inafanya sayari ichemke. Pwani hali ni mbaya zaidi ikiwa chumba kina kiyoyozi: ukikitoa chombo baridi kwenye hewa nzito ya Mombasa, maji yanajikusanya juu ya kioo papo hapo. Yazuie kwa kukiacha chombo ndani ya begi lililofungwa mpaka kipate joto, ndipo ufungue. Usifute kwa kitambaa. Subiri kikauke chenyewe.

Pili, vioo huhama. Kilomita hamsini za barabara ya vumbi zinatosha. Kupima: lenga nyota angavu, toa umakini mpaka iwe duara lenye pete. Kivuli cha kioo kidogo kikiwa katikati, uko sawa. Kikiwa kimeegemea upande, zungusha skrubu tatu nyuma ya kioo kikuu, robo mzunguko kwa mara, ukirudisha nyota katikati ya uwanja kila ukigusa. Haichukui zaidi ya dakika tano ukizoea, na anayeogopa kazi hiyo anunue binokula kwa amani.

Tatu, Zohali miaka hii hupita karibu na utosi kwa watu wa ikweta. Ni neema, kwa sababu mwanga wake unapita hewa kidogo kuliko Ulaya. Ila kitako cha Dobson hakiwezi kufuata kitu kilicho utosini: unasukuma upande na chombo kinazunguka bila kuhama. Mwanzoni mwa Oktoba itazame saa tatu au saa nne usiku ikiwa nusu ya njia kupanda, au baada ya saa nane ikishuka. Epuka pia kuitazama juu ya mapaa ya mabati. Bati lililopigwa na jua mchana kutwa hutoa joto mpaka usiku wa manane, na sayari iliyo juu yake hutetemeka hata teleskopu iwe nzuri vipi. Nyota zikimetameta sana, baki na mara 65. Mara 130 itakupa ukungu mkubwa tu.

Kitafutio (kifaa kidogo cha kulengea kilicho juu ya teleskopu) kilinganishe mchana. Lenga mnara wa simu ulio mbali zaidi ya kilomita moja, mbali na upande wa jua, weka ncha yake katikati ya lenzi, kisha rekebisha nukta nyekundu ya kitafutio ikae palepale. Ukimaliza usiku, kizime: betri ndogo ya CR2032 iliyosahaulika hufa kabla ya safari inayofuata.

Zile za kwenye maboksi yenye picha za rangi

Boksi linasema "525x". Hesabu yake ni hii: fokasi 700, lenzi ya jicho ya milimita 4, na Barlow ya mara 3. 700 kwa 4 ni 175, mara 3 ni 525. Hesabu ni sahihi na matokeo hayana maana, kwa sababu kioo cha milimita 76 hakiwezi kubeba zaidi ya mara 150, yaani mara 2 kwa kila milimita ya upana wake, tena usiku ulio mzuri. Juu ya hapo stendi yake nyembamba hutikisika sekunde kadhaa kila ukigusa gurudumu, na Zohali ishatoka uwanjani.

Ya lenzi ya milimita 70 na fokasi 700 ni afadhali kidogo: kwa lenzi ya 25 inatoa mara 28, Mwezi unapendeza na pete zinatambulika. Kama ndiyo unayopewa zawadi, ifunge mfuko wa mchanga katikati ya miguu ya stendi na usitumie lenzi ya 4.

Iliyo na stendi ya ikweta, yenye mkono wa uzito, ina mkosi wa peke yake kwetu. Stendi hiyo hufanya kazi mhimili wake ukielekezwa kwenye ncha ya anga, na kwa mtu wa Dar es Salaam ncha ya kusini iko nyuzi 7 tu juu ya upeo. Mhimili unatakiwa ulale karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi ndogo hazishuki hadi hapo, na zinazoshuka, uzito wake hugonga mguu wa stendi. Nyota ya Kutubu (nyota ya ncha ya kaskazini) ya kuongozea nayo haionekani kusini mwa ikweta. Maelekezo yaliyo kwenye boksi yaliandikwa kwa ajili ya Ulaya.

Epuka kabisa kile kichujio cheusi cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho. Kinakaa mahali joto lote la jua linapokusanyika. Kikipasuka, jicho linaungua kabla hujakwepa. Kitupe siku ya kwanza, watoto wasikikute.

Mahali, mvua na chumvi

Mahali huamua zaidi ya chombo. Binokula Kondoa inaonyesha Andromeda kuliko Dobson Kariakoo.

Pwani ya Tanzania na Kenya, pamoja na nyanda za kaskazini, mvua za vuli huanza Oktoba na kufika Desemba; Septemba ndiyo ya kutumaini. Dodoma na Singida zina msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba mwishoni au Desemba, kwa hiyo Oktoba na Novemba mwanzoni anga huwa wazi. Mtwara na Ruvuma hali ni ya namna hiyo, na Wingu Dogo linapanda zaidi, nyuzi 27 kule Mtwara, ila moshi wa kuchoma mashamba huziba upeo Septemba na Oktoba. Jangwa la Chalbi ni kavu na lina giza ajabu, lakini Wingu Dogo linabaki chini ya nyuzi 15. Kama nia yako ni vya kusini, nenda kusini; kusini mwa Unguja, Kizimkazi na Makunduchi, una bahari tupu mbele yako. Usiku wa giza la mwezi ndio pia usiku wa wavuvi wa dagaa na taa zao, kwa hiyo chagua ufuko ambao mashua hazijipangi upande wa kusini.

Unyevu wa pwani huzaa fangasi ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na zikishakula tabaka la lenzi hazitoki. Begi la ngozi lililofungwa kabatini ndilo kitalu chake. Hifadhi chombo kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika zilizokaushwa, na ukitoe nje mara kwa mara. Chumvi na mchanga vipulize kwa kipulizio cha mpira kabla kitambaa hakijagusa kioo. Na dawa ya kupaka ya mbu yenye DEET huyeyusha plastiki na mipira ya lenzi: paka, nawa viganja, ndipo ushike.

Msomaji aliye Ulaya, ambako miezi hii majani yanapukutika, abadili mpango kidogo. London, Andromeda inapita karibu na utosi na giza linaingia mapema, hasa saa zikirudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba. Umande ndio adui: funga mkanda wa sponji au karatasi ngumu mbele ya lenzi uzidi kwa sentimita 15. Aliye Oman ana anga kavu la milima ya Jebel Shams, lakini huko Mawingu ya Magellan hayaonekani. Dobson ya mezani kwa Zohali inamlipa zaidi.

Kabla ya kulipa

Anayeanza, mwenye pesa ya kitu kimoja, achukue binokula ya 10x50 na kipande cha L. Mwenye watoto wanaotaka pete za Zohali achukue Dobson ya mezani ya 130. Ya 150/1200 ni ya mwenye uwanja wake, chini, penye giza.

Binokula ipime hapohapo dukani. Inyooshe mbele yako dhidi ya mwanga wa dirisha utazame miduara midogo kwenye lenzi za jicho: iwe mviringo kamili, ikiwa na pembe za kijivu, prizimu zake ni duni. Tazama nguzo ya umeme iliyo mbali kwa macho yote mawili kwa dakika nzima. Ikionekana maradufu au macho yakivuta, mirija yake haiko sambamba, na fundi wa kuirekebisha ni shida kumpata. Acha zenye lenzi nyekundu zinazong'aa kama kioo, kwa kuwa zinarudisha nje mwanga unaoutaka, na zenye ukuzaji wa kubadilisha kama 10–30x50, ambazo uwanja wake ni mwembamba. Kwa ya mtumba, washa tochi upande wa lenzi ya mbele ukichungulia kutoka upande wa pili, kwa pembe: vumbi kidogo halina neno, nyuzi za fangasi irudishe. Kwa teleskopu, pima kwa rula tundu ambamo lenzi ya jicho huingia. Tundu liwe milimita 31.7, likiwa 24.5, lenzi nzuri za ziada hutazipata, na chombo chote kimekwama na zile zilizokuja ndani ya boksi.